Mume wa Praxeda Yuko Mbioni

Tulimwacha Praxeda amesimama uani kwa Bi Kijakazi, pale Makorora, mtoto mgongoni, ameletewa habari kwamba baba yake amefariki. Aliyeileta ni dereva wa lori la mkonge. Alisema mzee ameaga alfajiri ya Jumamosi hiyo, na mazishi ni kesho, Jumapili, baada ya ibada. Lori litageuza adhuhuri, kwa hiyo anayetaka kwenda ajiweke tayari.

Kwa yule ambaye gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, tumrudishe nyuma kidogo.

Praxeda ni binti wa manamba waliotoka Songea kuja kukata mkonge, wakakaa hukohuko kambini, kupita Pongwe. Mumewe, Tadeo, naye mwana wa manamba, ni mpakiaji wa marobota ya katani bandarini Tanga. Zamani Tadeo alikuwa mtu wa tembo la mnazi. Akitoka kazini huenda kilabuni, na akitoka kilabuni haijui njia ya nyumbani mpaka ashikwe mkono. Praxeda akachoka kumshika mkono. Siku moja akamwendea Mselem, nyapara wa karakana ya reli, aliyewakusanya vijana wakawa wanakimbia kila alfajiri kutoka Makorora mpaka Raskazone na kurudi. Akamwomba amchukue mumewe.

Bi Kijakazi, mwenye nyumba wao, aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," alisema, "umemtoa kilabu kimoja umemtia kilabu kingine. Kilabu ni kilabu."

Praxeda naye alicheka siku ile. Aliponisimulia habari hizi hakucheka tena.

Lakini tuseme kweli, kilabu cha mbio kilimfaa Tadeo. Mselem si mtu wa maneno mengi. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba anayekunywa hakimbii nao. Siku za kwanza Tadeo alikimbia akatapika kando ya barabara, huku wanawake waendao sokoni wakimtazama na kumwonea haya. Baadaye akaacha kutapika. Tumbo likapungua, macho yakawa meupe, na kile kikohozi cha vumbi la katani kilichokuwa kikimkaba kifua kikalegea. Ghala alilokuwa akifanyia kazi lilipomfukuza kwa ulevi wa nyuma, ni wanakilabu waliomsemea bandarini akaandikwa upya.

Tena alipata watu. Mwana wa manamba hana ukoo mjini. Akiugua, anayempa maji ni mkewe peke yake. Tadeo alijikuta ana ndugu kila mtaa, Wadigo, Wabondei, Washambaa, waendao msikitini na waendao kanisani. Akipita njiani huitwa kwa jina.

Praxeda naye alionja wema huo. Siku ya uchungu wa mtoto wao, Beatrisi, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara imegeuka mto. Hakuna gari lililokubali kuja. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Mselem na wenzake wakaja na kitanda cha kamba. Walimlaza, wakamfunika turubali, wakakiinua mabegani na kukimbia naye kwenye maji, wakipokezana bila kumshusha chini hata mara moja. Mama na mtoto wakapona. Praxeda aliniambia kwamba hakuziona nyuso zao siku ile, aliona mabega tu yakipanda na kushuka.

Ndiyo hayo yaliyomfunga mdomo. Mtu aliyekubeba ukiwa kati ya uhai na kifo utamsemaje?

Maana ubaya wa kilabu ulikuja kwa mlango uleule ulioingia uzuri wake. Ukipata ndugu wengi unapata na shughuli nyingi. Mwanakilabu akioa, Tadeo yuko huko. Mjomba wa mwanakilabu akiezeka makuti, Tadeo yuko juu ya paa, na lake mwenyewe linavuja. Siku ya ubatizo wa Beatrisi kulikuwa na mbio za kwenda Pongwe; Tadeo alifika kanisani mtoto ameshapakwa mafuta, yeye anatiririka jasho, na padri akamtazama kama mtu aliyepotea njia. Ndizi za nyumba nzima alikuwa akizila yeye. Chumba kilinuka karafuu na mafuta ya nazi ya kuchulia misuli, mpaka nguo za mtoto zikanuka hivyo.

Halafu, mvua za vuli zilipokwisha, yakaja mazoezi ya jioni.

Tadeo alimweleza kwamba mashindano ya Pangani yanakaribia, na Mselem ameongeza mbio za jioni kwa wale wenye miguu mizuri. Ikawa alfajiri anakimbia, kutwa anabeba marobota, jioni anakimbia tena. Alirudi baada ya isha, ameshaoga, hana njaa, anataka kulala tu. Praxeda humwekea ugali na samaki, na asubuhi hula yeye kiporo.

Hakuuliza. Aliniambia bila kuficha kwamba alikuwa akimnusa mdomo anapolala. Tembo hakuna. Basi akajilaumu mwenyewe, kwani si yeye aliyeomba mume akimbie? Lakini ziko siku alizomkumbuka yule mlevi. Yule angalau Jumapili alishinda nyumbani, japo amelala.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yetu.

Tadeo alitoka kazini mapema, kama ilivyo desturi ya Jumamosi. Akamkuta mkewe ameshafunga kifurushi, kanga nyeusi begani. Alipoambiwa, alikaa chini kizingitini akavua kofia. Alimpenda yule mzee, hilo Praxeda halitilii shaka. Akamwambia mkewe pole, kisha akaanza kuzungukazunguka na maneno. Alisema kesho ndiyo siku ya Pangani, kwamba wanaondoka jioni, kwamba yeye ndiye aliyepangwa kumalizia, na akijitoa kilabu kizima kimeaibika. Alisema Mselem hatamwelewa. Atakuja matangani Jumatatu, kazi au si kazi.

"Ni baba yangu, Tadeo," Praxeda alimwambia.

"Najua, mama Beatrisi. Lakini wale ndio waliokubeba."

Praxeda akamkaza mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba kama angempiga kofi lisingemuuma kama neno lile, kwa sababu lilikuwa la kweli. Tadeo akamchukulia kifurushi mpaka kwenye lori, akampandisha, akambusu mtoto kichwani. Lori likaondoka.

Njiani dereva aliuliza kama shemeji yao haji kumzika mkwewe.

"Yuko mbioni," Praxeda akajibu.

Dereva akaelewa kwamba yu njiani anakuja. Akasema alhamdulillahi, msiba bila mkwe ni msiba mara mbili.

Kambini alikuta watu wamejaa mbele ya mlango wa mama yake. Walilia pamoja. Walipomaliza kulia, kaka yake mkubwa, Timotheo, akamwita pembeni na kuuliza habari ya mumewe. Katika ukoo wao mkwe ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Mzee alikuwa na binti mmoja tu, kwa hiyo mkwe ni mmoja tu.

Praxeda akajibu vilevile alivyomjibu dereva. Lakini Timotheo si dereva.

"Mbioni kuja," aliuliza, "au mbioni kukimbia?"

Praxeda akatazama chini. Hapo kaka mtu akapandisha sauti, shangazi zake wote wanasikia. Alisema Tadeo walimpa binti akiwa hana kitu, wakamvumilia ulevi wake, na leo anashindwa kuja kumtupia mzee udongo kwa ajili ya kukimbizana na watu wazima barabarani wamevaa kaptula. Akasema kaburi likifunikwa mkwe hajaonekana, Praxeda na mtoto watabaki kambini mpaka Tadeo aje kujieleza mbele ya wazee. Mama yao alikuwa ameshika kofia ya marehemu, anaikunja na kuikunjua.

Usingizi wa msibani si usingizi. Praxeda alikaa kati ya wanawake wenzake akipanga maneno, na maneno hayo hakuyapanga kwa ajili ya Tadeo. Aliyapanga kwa ajili ya Mselem. Moja juu ya jingine, kama apangaye kuni. Kwamba wema wenu nimeuona, lakini mlinibeba mara moja na mimi nimewabeba mwaka mzima. Kwamba kama mlitaka kumchukua mume wangu moja kwa moja mngeniambia siku ile mvuani, nikajua bei. Kwamba mtu hufiwa na baba mara moja tu.

Aliapa kwamba akirudi Tanga atakwenda mpaka mlangoni kwa Mselem, na yote hayo atayasema mbele ya mkewe na majirani.

Jumapili asubuhi mashine ya korona, ile inayokwangua majani ya mkonge, ilikuwa kimya. Timotheo na wanaume wachache walikuwa wakichimba kaburi, na udongo wa huko una mawe. Wanawake waliokwenda kuteka maji wakarudi mbio wakisema barabarani kuna vumbi, na kwamba wanakuja watu wengi, wanakimbia.

Kambini mtu mzima hakimbii bure. Wanaume wasiolipa kodi ya kichwa wakaanza kusogea polepole kuelekea kwenye mkonge, wakijifanya wanakwenda haja. Mpaka mmoja aliyekuwa na macho makali akasema hawa si askari, hawa hawana viatu.

Walikuwa kilabu cha mbio cha Makorora.

Walikuja wote kwa mstari, hawasemi, kila mmoja na kifurushi kidogo mgongoni. Hawakuingia uani na kaptula zao. Walisimama kwanza kisimani, wakanawa, wakafungua vifurushi, wakavaa kanzu na suruali. Ndipo Mselem akaja mbele yao, akachuchumaa mbele ya mama mfiwa, akamwamkia shikamoo na kumpa pole, kwa sauti ambayo hata waliokaa mbali waliisikia. Kisha akamgeukia Timotheo. Alisema wao ni ndugu zake Tadeo, na kama kaka atawaruhusu, wangependa kupokea majembe.

Timotheo akampa jembe.

Wakachimba kwa zamu kama walivyozoea kupokezana, mmoja akichoka mwingine yumo. Wale Waislamu na wale Wakristo, wote mikono ilijaa udongo mmoja. Shangazi aliyekuwa akiguna tangu jana akaamuru watu hawa wapikiwe uji.

Na Praxeda? Ni aibu iliyomshika kwanza. Kuni zote alizozipanga zikamwangukia mwenyewe. Akafuta macho akaanza kumtafuta Tadeo. Alitazama waliomo kaburini, hayumo. Akatazama waliokaa kivulini wakinywa uji. Akadhani bado yuko kisimani, anaona haya kuja mbele ya shemeji yake. Akaenda mpaka kisimani. Palikuwa na matope ya nyayo tu.

Akarudi akamkuta Mselem anakung'uta kanzu.

Alimshukuru. Akamuuliza mbona wameacha mashindano waliyoyangojea siku zote hizo.

"Pangani itakuwepo na mwakani, shemeji," alisema Mselem. "Tadeo alikuja kwangu jana alasiri kuomba ruhusa. Akasema unamngoja kwenye lori. Nikamwambia msiba hauombewi ruhusa, nenda. Alipoondoka nikaona haifai aje peke yake, nikawapitia wenzangu, tukakubaliana tumfuate."

Akatazama huku na huku.

"Yuko ndani na wazee? Tangu tufike sijamwona."

Praxeda aliniambia kwamba hapo alisikia masikio yake yanavuma, kama mtu aliyetumbukia majini. Jana alasiri? Alasiri yeye alishafika kambini. Hakuwa akimngoja mtu kwenye lori lolote. Huku Tadeo kamwambia hawezi kuja kwa sababu ya kilabu, kule kakiambia kilabu anakuja na mkewe.

Hakumjibu Mselem alichoulizwa. Alishika jambo dogo lililo karibu, kama mtu anayezama anavyoshika unyasi.

"Na juzi kwenye mazoezi ya jioni," aliuliza, "alikuwepo?"

"Mazoezi gani ya jioni, shemeji?"

"Ya jioni. Tangu vuli ilipokwisha."

Mselem alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwambia kila kitu kabla ya maneno. Alimweleza taratibu kwamba watu wanaobeba mizigo kutwa hawana miguu ya kukimbia jioni. Wao ni alfajiri tu, tangu mwanzo, hawajabadili. Na Tadeo, baada ya kazi, huwa wa kwanza kuaga. Husema mkewe hapendi achelewe nyumbani.

Wanakilabu waliokuwa karibu walisikia. Wote walishangaa, wakatazamana. Mmoja akasema labda amepatwa na jambo njiani, labda gari, labda hospitali, na wakaanza kuulizana nani arudi mjini kumtafuta.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakushangaa. Alikuwa Haji, kijana mrefu anayepakia marobota pamoja na Tadeo, zamu moja, kundi moja. Aliposikia yale aliingia tena kaburini akaendelea kuchimba, na kaburi lilikuwa limeshatosha.

Praxeda akamwona.

Hasira ile ya jana ilikuwa bado imo kifuani, ila haina tena wa kupewa. Kilabu hakimo. Siku zote hizo alikuwa akikilaani kilabu kwa jioni ambazo hakikuzichukua. Na kile kiporo alichokula yeye kila asubuhi? Nani alikuwa akimlisha mumewe mpaka akarudi hana njaa? Nani alikuwa akimpa maji ya kuoga?

Akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi, Beatrisi mgongoni.

"Haji," alisema kwa sauti ndogo, "wewe hukushangaa."

Haji akaacha kuchimba. Hakuinua uso.

"Shemeji, tumzike mzee kwanza."

"Yu hai?"

"Yu hai. Mzima kabisa." Akaegemea jembe. "Ndiyo maana nasema tumzike kwanza. Nikikwambia sasa hutaweza kusimama hapa."

Kengele ya kigango, kanisa dogo la kambini, ikalia. Jeneza likatolewa, wanakilabu wakalipokea mabegani kama walivyokipokea kitanda cha Praxeda siku ya mvua, na vilio vikaanza upya. Katekista akasoma sala. Waislamu walisimama nyuma kidogo, wameinamisha vichwa. Mzee akateremshwa.

Kisha ikafika zamu ya mkwe.

Timotheo hakupandisha sauti safari hii. Ugeni huu ulikuwa umemlainisha. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kumaliza jambo vizuri, ni nani atakayesimama mahali pa mume wa Praxeda. Watu wote wakamtazama dada mtu. Mselem akainua mguu apige hatua mbele.

Praxeda alimwahi. Alimfungua Beatrisi mgongoni akamweka mapajani mwa bibi yake. Akaikaza kanga kiunoni, akaenda mpaka alipokuwa Haji, akalitwaa jembe mikononi mwake. Shangazi mmoja akanung'unika kwamba hili si jambo la mwanamke. Hakuna aliyemwitikia.

Akachota udongo, akautupa. Mawe madogo yaliyomo yaligonga mbao, na mlio wake ukasikika kambi nzima.

Akachota tena, akatupa. Wanaume wakaanza kusogea na majembe yao kumsaidia. Haji naye akainama kando yake, mikono mitupu, akiusukuma udongo kwa viganja. Praxeda hakumgeukia. Alizungumza akiwa ametazama chini, kwa sauti ambayo Haji peke yake aliisikia.

"Nimesimama," alisema. "Sasa niambie."